Mganga Anayefungua Kitabu Mbele ya Mgonjwa

Kila mwaka wanachuo wanapokuja Mbalizi kwa mazoezi ya kufundisha huniuliza swali moja, nao huliuliza kwa sauti ya chini kana kwamba ni jambo la aibu: mwanafunzi akimwuliza mwalimu jambo asilolijua, mbele ya darasa zima, mwalimu afanye nini? Badala ya kulijibu moja kwa moja, huwaomba wafikirie kwanza kazi nyingine iliyo jirani sana na yetu, yaani kazi ya uganga wa hospitali. Je, mganga aliyeketi na mgonjwa, kisha akafungua kitabu au akatazama katika simu kabla ya kuandika dawa, aaminiwe zaidi au aaminiwe kidogo? Atakayelijibu swali hili kwa hoja atakuwa amelijibu na lile la kwanza.

Kazi hizi mbili zinafanana kwa jambo moja kubwa. Mganga na mwalimu wote hufanya kazi mbele ya mtu asiyeweza kuipima kazi yenyewe. Mama aliyempeleka mwanawe zahanati hawezi kujua kama dozi iliyoandikwa ni sahihi, kama vile mtoto wa darasa la pili asivyoweza kujua kama maelezo ya mwalimu wake ni ya kweli. Wote wawili hawana budi kuamini. Na kwa kuwa hawana kipimo cha elimu, hupima kwa dalili za nje: sauti ya mtaalamu, wepesi wake wa kujibu, koti lake jeupe au suti yake iliyopigwa pasi. Hapo ndipo hatari ilipo, maana wepesi wa kujibu si ushahidi wa kujua.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Mbalizi ni mji wa njia kuu, kando ya barabara iendayo Tunduma, magharibi ya jiji la Mbeya. Wagonjwa wengi wa zahanati za pembezoni hushuka kutoka vilimani, wakiwa wameacha shamba la viazi au la mahindi, nao wamelipa nauli ya bodaboda au wametembea tangu alfajiri. Mtu aliyegharimika namna hiyo hutaka kumwona mjuzi. Akimkuta mjuzi huyo ameinamia simu, humjia mara moja wazo kwamba ama hajui kazi, ama anasoma habari zake mwenyewe.

Nililiona wazo hilo likifanya kazi siku niliyompeleka mjukuu wangu wa miaka mitatu katika zahanati moja ya huku, akiwa na homa na kikohozi. Mlango wa chumba cha tabibu ulikuwa wazi nusu, nasi tuliokuwa kwenye benchi tuliweza kuona. Tabibu alikuwa kijana, na mezani pake palikuwa na kishikwambi alichokitazama mara kwa mara. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu, mwenye mtoto mgongoni, alimwambia jirani yake, "Huyu naye anasomea hapa hapa. Heri niende dukani." Akachukua daftari lake la matibabu, akaondoka kuelekea kwenye maduka ya dawa. Sikumjua mama yule, wala sikupata kujua hali ya mtoto wake baadaye. Lakini nilielewa alichokwenda kununua: vidonge vichache vya antibiotiki, ambavyo angeuziwa bila mtoto kuguswa na bila kitabu chochote kutazamwa. Alimkimbia mtu aliyekuwa akihakikisha, akamwendea mtu ambaye hangehakikisha lolote.

Zamu yetu ilipofika, nilimkazia macho yule kijana kama nimkaziavyo mwanachuo anayefundisha somo la majaribio. Hakuanza na kishikwambi. Aliniamkia, "Shikamoo, bibi," akamsemesha na mtoto. Akauliza homa ilianza lini, kama mtoto anakunywa, kama anatapika kila anachokula, kama amepata degedege. Kisha akaifunua shati ya mtoto, akatazama saa yake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. "Thelathini na mbili," akasema. Ndipo akaniambia, "Sasa, bibi, nafungua mwongozo nihakikishe, maana sipendi kumpa mtoto dawa kwa kukisia." Akanisomea kwamba kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 40 au zaidi kwa dakika. Akampima malaria kwa tone la damu, asiikute. Akaandika dawa ya kushusha homa tu, na kabla hatujainuka akanieleza dalili ambazo nikiziona nimrudishe mtoto upesi bila kungoja asubuhi.

Wanachuo huniambia kwamba mganga hodari angekuwa na mambo hayo yote kichwani. Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatuna budi kuipima kwa haki. Tutazame basi historia ya dawa za malaria katika nchi yetu. Kwa miaka mingi dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali ilikuwa klorokwini, na kila mganga aliijua dozi yake kama alijuavyo jina lake. Vimelea vilipoizoea, serikali iliiondoa mwaka 2001 na kuweka SP mahali pake. Kufikia mwaka 2007, SP nayo ilikuwa imepisha dawa mseto ya ALu. Hivyo, katika muda wa miaka kama sita, jibu sahihi la swali moja la mtihani lilibadilika mara mbili. Mganga aliyefaulu vizuri mwaka 1999, kisha akategemea kumbukumbu peke yake, angeweza kuandika dawa isiyofaa kwa mwandiko mzuri na kwa sauti ya uhakika kabisa. Mgonjwa wake angemsifu kwa wepesi wake, na vimelea vingebaki mwilini.

Isitoshe, zipo hesabu ambazo kumbukumbu haipaswi kuaminiwa nazo hata pale zisipobadilika. Dozi ya ALu hufuata uzito wa mgonjwa: kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja kila mara; kuanzia 15 hadi chini ya 25 ni viwili; kuanzia 25 hadi chini ya 35 ni vitatu; na kuanzia 35 kuendelea ni vinne; mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Mtu anaweza kuyakariri hayo. Lakini tabibu aliyekwisha kuona wagonjwa hamsini tangu asubuhi, naye hajala, akitupa jicho katika jedwali kabla ya kuandika hapungukiwi na kitu. Mfanyabiashara anayefungua daftari lake hatumwiti mjinga. Husemwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Uhai wa mtoto una thamani kuliko gunia la mchele.

Ushahidi mwingine umetoka katika mkoa wetu wenyewe. Mwaka 2024 jarida la kitaalamu la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 40 vya afya vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Vituo 20 vilipewa vishikwambi vyenye programu iitwayo ePOCT+, ambayo humwongoza tabibu hatua kwa hatua anapomchunguza mtoto mgonjwa. Vituo 20 vingine viliendelea na kazi kama kawaida. Katika vituo vya kawaida, watoto kama 70 kati ya kila 100 waliohudhuria waliandikiwa antibiotiki. Katika vituo vyenye vishikwambi, waliandikiwa watoto kama 23 tu. Wala watoto hao hawakudhurika kwa kunyimwa dawa wasizozihitaji: siku ya saba, wale ambao hali yao haikuwa ya kuridhisha walikuwa chini kidogo ya 4 kati ya kila 100 katika pande zote mbili. Haikuwa kazi ya kishikwambi peke yake, kwa kuwa matabibu walipewa pia vifaa vya kupimia, mafunzo na ushauri. Lakini jambo lenyewe liko wazi. Antibiotiki zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea, na siku mtoto atakapozihitaji kweli hazitamsaidia. Yule mama aliyekwenda dukani alikuwa akiitumia akiba ya watoto wote wa Mbalizi bila kujua.

Tena, kusoma mbele ya watu hakuanza na vishikwambi. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha fupi ya mambo ya kuhakikishwa katika chumba cha upasuaji, hospitali nane za dunia zilishiriki, katika miji kama London, Toronto na Manila; na moja kati ya hizo nane ilikuwa ya kwetu, huko Ifakara. Wapasuaji waliobobea walitakiwa wasimame na kuthibitisha kwa sauti, mbele ya wauguzi wao, jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, na mengine ambayo kila mmoja wao aliyajua tangu chuoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: katika hospitali hizo vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Hakuna aliyesema kwamba wapasuaji wale hawakuijua kazi yao. Kilichoongezeka ni nidhamu ya kuhakikisha.

Hata hivyo, ndugu wanachuo, sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba anayetazama kila kitu ndiye mganga bora. Yapo mambo ambayo lazima yakae kichwani. Mtoto akiletwa naye hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea na kupoteza fahamu, tabibu hana nafasi ya kutafuta maana ya dalili hizo. Hizo ni dalili za hatari, na mtu anayezitafuta kitabuni mtoto akiwa amelegea mikononi mwa mama yake amechelewa. Basi naona mgawanyo uwe huu: jambo lisilongoja likae kichwani; jambo lenye tarakimu, na jambo linalobadilika mwaka hadi mwaka, likae kitabuni, nasi tuzoee kukifungua.

Lipo na jambo la tatu, ambalo halimo kichwani wala kitabuni, nalo ni mgonjwa mwenyewe. Mwongozo unasema 40, lakini haujui kwamba mtoto huyu amepumua mara 32. Hesabu hiyo hupatikana kwa jicho na subira ya dakika nzima. Mganga aangaliaye kioo kabla ya kumwangalia mtoto hupata jibu la mtoto mwingine, mtoto wa kitabuni. Malalamiko ya watu kuhusu waganga wanaoinamia simu yana haki hapo. Wagonjwa hawachukizwi na kitabu. Wanachukizwa na kuachwa.

Na kuhusu intaneti yenyewe, tahadhari ni ya lazima. Kutafuta neno "homa" katika mtandao wa dunia nzima si sawa na kufungua mwongozo wa matibabu uliotolewa na Wizara ya Afya. Mtandao utaleta maandishi ya mganga wa Ulaya ambaye wagonjwa wake hawaumwi malaria, na pembeni yake tangazo la mwenye kuuza dawa, na chini yake maneno ya mtu asiyejulikana. Kabla ya kuamini, mganga ajiulize mambo matatu: nani ameandika, ameandika lini, na amewaandikia watu gani. Dawa inayosifiwa huko inaweza isiwemo kabisa katika dirisha la dawa la zahanati. Zaidi ya hayo, umeme hukatika na mtandao hupotea. Kwa hiyo mwongozo uwe umehifadhiwa ndani ya chombo, au nakala yake ya karatasi iwe mezani, siyo kabatini.

Namna ya kufanya ndiyo inayojenga au kubomoa imani, na yule kijana wa zahanati aliifuata vizuri. Kwanza, alimtazama mtoto kabla ya kutazama chombo. Pili, alisema anachokifanya na sababu yake, hivyo kimya chake hakikupata kuwa fumbo. Tatu, alinisomea alichokikuta, nami nikawa mshiriki badala ya kuwa mtazamaji. Nne, alikiweka chombo chini, akarudi kwetu kwa macho na kwa maneno kabla ya kutuaga. Laiti angeyafanya hayo kwa sauti ya kufika kwenye benchi, pengine yule mama angengoja.

Sasa turudi darasani kwetu. Hatua hizo nne ni zetu pia, na katika nchi hii si ngeni. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vya watu wazima vilikutana vijijini kusikiliza redio, kisha kitabu kikafunguliwa, kikasomwa kwa sauti, watu wakajadili na kuamua la kufanya kuhusu vyoo, maji na mbu. Kiongozi wa kikundi hakudai kujua yote. Alijua kufungua kitabu pamoja na wenzake, na hiyo ilitosha kumpa heshima.

Mwalimu naye agawe elimu yake vivyo hivyo. Majina ya wanafunzi wake, jedwali la kuzidisha, hatua za kumfundisha mtoto kusoma silabi, na dalili za mtoto mwenye njaa au mwenye hofu: hayo yakae kichwani, kwa kuwa hayangoji. Tarehe, idadi ya watu, mipaka ya mikoa, maana ya neno gumu: hayo yana mahali pake katika vitabu. Mkoa wa Songwe ulipozaliwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ramani tuliyoikariri ilikoma kuwa ya kweli, nasi hatukuwa na kosa lolote isipokuwa kama tungekataa kuitazama mpya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imekuwa mikononi mwa walimu tangu mwaka 1981. Tena vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baadaye. Vyombo tunavyo, kilichobaki ni desturi ya kuvitumia mbele ya watoto bila kujificha na bila kuwasahau.

Chukueni mfano wa mtoto anayeuliza maana ya neno "mrututu". Mwalimu asiyelijua ana njia tatu. Anaweza kubuni maana, naye atakuwa kama muuza dawa asiyemgusa mgonjwa. Anaweza kumkaripia mtoto kwa kutoka nje ya somo, na hapo darasa zima litajifunza kutouliza. Au anaweza kusema, "Swali zuri. Kwanza tuambie umelisikia wapi, na wewe unadhani lina maana gani." Hapo amemhesabu pumzi. Kisha amwite mtoto mbele, wafungue kamusi pamoja, wasome kwa sauti, na mwalimu arudi kwa darasa kuuliza nani ataweza kulitumia neno hilo katika sentensi. Watoto watakuwa wamepata neno moja, na pamoja nalo njia ya kupata maneno mengine siku ambayo mwalimu hayupo.

Ninawapa basi zoezi la juma lijalo. Kila mwanachuo aandae somo la dakika 30, na ndani yake aweke jambo moja ambalo kwa makusudi atalitazama kitabuni au katika kishikwambi mbele ya wanafunzi. Mwenzake akae nyuma ya darasa na saa, aandike mambo manne: kama mwalimu alimsikiliza mtoto kabla ya kutazama, kama alisema anachokitafuta na kwa nini, kama alisoma kwa sauti, na ni sekunde ngapi macho yake yalikuwa mbali na darasa. Baada ya somo, waulizeni watoto wawili watatu, kwa upole, walimwonaje mwalimu alipofungua kitabu. Andikeni majibu yao kama walivyoyasema, mje nayo, tuyajadili.